Dawa iliyotoka chini ya miguu yetu

Najua wengi mnanitegemea kwa mambo ya manioki na mbolea. Leo naomba ruhusa nitoke kidogo shambani. Na ku mwisho mtaona kwamba sikutoka hata kidogo.

Mjomba wangu anaishi na figo ya mama yangu mdogo. Walienda wote wawili Uhindi, madaktari wakatoa figo moja kwa dada, wakaiweka kwa kaka, wakarudi Bukavu wazima. Familia ilichinja mbuzi. Sisi vijana tulizania kazi imeisha pale. Kumbe njo ilikuwa inaanza. Tangu ile siku, saa mbili ya asubuhi na saa mbili ya usiku, simu ya mjomba inalia. Tuwe mu misa, tuwe ku matanga, anatoa kifuko chake, anameza vidonge. Kila siku, bila kupumzika, kwa muda wote ile figo itakaoishi ndani yake.

Mwaka fulani vidonge vilichelewa. Aliyekuwa anavileta alikwama njiani, na hapa mjini hatukuvipata. Mjomba hakuambia mtu. Alifanya kama mama anayeona unga unaelekea kuisha mbele ya mshahara: akaanza kupunguza kipimo. Palipokuwa viwili, akameza kimoja. Hakusikia maumivu yoyote, njo maana alizania mambo iko sawa. Lakini alipoenda kupima damu, kreatinini, ule uchafu ambao figo inapaswa kuutoa, ilikuwa imepanda. Daktari akamwangalia, akamwambia: "Papa, mwili wako umeanza kumfukuza dada yako."

Figo iliokoka, juu dawa ilifika siku chache nyuma. Lakini lile neno halikunitoka. Mjomba naye, akiwa bado kitandani, aliniuliza: "Weye uliyesoma kule ku fakilte, hii dawa wanaitosha mu nini?" Nikajibu haraka-haraka, kama mutu wa licence: "Ku labo, mjomba. Wanachanganya maprodui." Nilikosea. Nilienda kusoma, na nilichokipata njo hiki ninawaandikia.

MKONO WA DAKTARI ULIKUWA TAYARI, MWILI ULIKATAA

Sisi wa agronomi tunajua kupandikiza. Unachukua tawi la avoka nzuri, unalifunga ku shina la avoka ya kienyeji, wiki chache zinapita, linashika. Ukichagua aina zinazopatana, mti haugombani. Mti hauna askari wanaotembea ndani yake wakiuliza kila mgeni: wewe ni nani, umetoka wapi? Mwili wa mtu unao. Ni chembe nyeupe za damu. Njo zinatulinda na mikrobi, lakini hazijui tofauti kati ya mikrobi iliyokuja kuua na figo iliyokuja kuokoa. Kwao mgeni ni mgeni.

Watu wengi wanazania historia ya kupandikiza viungo ni historia ya visu. Hapana. Kushona kulijulikana zamani. Alexis Carrel, Mfaransa, alipata Nobel mu 1912 kwa namna yake ya kuunganisha mishipa ya damu. Mbele yake, mu 1906, mwalimu wake Mathieu Jaboulay kule Lyon alikuwa amejaribu kuwaunganishia wagonjwa wawili figo za nguruwe na mbuzi. Zilikufa haraka. Mu 1933, Yurii Voronoy kule Kherson, Ukraine, akawa wa kwanza kumwekea mtu figo ya mtu mwingine. Mgonjwa aliishi siku 2.

Ile inayoniumiza zaidi ni ya Paris, Desemba 1952. Kijana wa miaka 16 alianguka toka juu akiwa kazini. Figo yake ikapasuka, wakaitoa, na njo hapo wakagundua kwamba hakuwa na ingine: alizaliwa na moja tu. Mama yake akasema, chukueni yangu. Timu ya Jean Hamburger, ku hospitali ya Necker, ikaiweka. Figo ikaanza kufanya kazi vizuri, Ufaransa nzima ikawa inafuata habari ku redio na mu magazeti. Nyuma ya wiki tatu ikasimama. Kijana akafa. Hakuna mpasuaji aliyekosea. Mwili wa mtoto ulikataa figo ya mama aliyemzaa.

Kwa nini? Aliyefungua fumbo ni Peter Medawar, mwanabiolojia Mwingereza aliyezaliwa Brazil. Wakati wa vita vya pili vya dunia alitafuta namna ya kusaidia watu waliochomwa na moto. Kule Glasgow, pamoja na mpasuaji Thomas Gibson, walimwekea mgonjwa mmoja vipande vya ngozi ya kaka yake. Vipande vya kwanza vilidumu siku kadhaa, kiisha vikaharibika. Vipande vya mara ya pili, toka kwa kaka yule yule, viliharibika haraka zaidi. Maana yake mwili ulikuwa umemkumbuka. Ni kumbukumbu ile ile inayofanya chanjo ya surua itulinde maisha yote. Waliandika hayo mu 1943, na mu 1960 Medawar akapata Nobel pamoja na Frank Macfarlane Burnet.

Sasa kama mwili unakataa mgeni, je, ukimletea asiye mgeni? Tarehe 23 Desemba 1954, kule Boston, Joseph Murray alitoa figo kwa pacha mmoja akampa mwenzake. Walikuwa mapacha wa kufanana kabisa. Mwili haukuona tofauti. Mgonjwa aliishi miaka 8 zaidi. Murray alipata Nobel mu 1990. Lakini jiulize, ndugu: mu wagonjwa 100 wa figo, ni wangapi wana pacha wa kufanana?

KUCHOMA SHAMBA LOTE

Kwa wengine wote ilibidi kulaza wale askari. Kwanza walijaribu mionzi, ile ya kupiga mwili mzima. Askari walikufa, ndiyo, lakini na mgonjwa alibaki bila ulinzi wowote. Wengi walikufa na maambukizi ambayo mtoto mzima angeyashinda.

Kiisha dawa ya kwanza ikaja, na ilitoka ku njia nyingine kabisa. Gertrude Elion na George Hitchings, Wamarekani, walikuwa wanatafuta dawa ya kansa ya damu. Walitengeneza kitu kinaitwa merkaptopurini, kinachozuia chembe kugawanyika. Mu 1959, Robert Schwartz na William Dameshek waliona kwamba sungura aliyepewa ile dawa haundi tena kinga kama kawaida. Mpasuaji kijana wa Uingereza, Roy Calne, akaijaribu kwa mbwa waliopandikizwa figo: waliishi zaidi. Elion na Hitchings wakatoa ndugu yake merkaptopurini, azatioprini. Mu 1962, kule Boston, ilisaidia figo ya mtu aliyekufa kushika ndani ya mtu asiye ndugu yake. Thomas Starzl kule Denver akaiunganisha na prednisone, na matokeo yakawa mazuri zaidi.

Lakini tuseme ukweli. Azatioprini haichagui vizuri. Inazuia chembe zote zinazogawanyika haraka, na uboho ule unaotengeneza damu unaumia pia. Ni kama mkulima mwenye magugu mu maharagi anayewasha moto ku shamba lote. Magugu yanaisha. Na maharagi?

Afrika yetu iliingia mu historia hii tarehe 3 Desemba 1967. Kule Cape Town, ku hospitali ya Groote Schuur, Christiaan Barnard aliweka moyo wa mtu ndani ya mtu mwingine kwa mara ya kwanza. Dunia yote ilisimama kuangalia. Mgonjwa, Louis Washkansky, aliishi siku 18, kiisha akafa na homa ya mapafu, juu dawa za kulaza kinga zilikuwa zimemwachia mlango wazi. Mwaka uliofuata, 1968, mahospitali mengi yalikimbilia kufanya ile ile: mioyo zaidi ya 100 ilipandikizwa duniani. Wengi wa wale wagonjwa hawakumaliza mwaka. Karibu mahospitali yote yakaacha. Wachache tu kama Norman Shumway kule Stanford waliendelea polepole.

Njo hapo tulikuwa: mikono tayari, vyumba tayari, watoaji wako, wagonjwa wanangoja. Kitu kimoja tu kilikosekana: dawa inayojua kuchagua.

KIFUKO CHA UDONGO TOKA NORWEI

Hapa sasa wanaagronomi wenzangu, kaeni vizuri ku kiti.

Tangu Selman Waksman, profesa wa mikrobi za udongo ku shule ya kilimo ya Rutgers kule Marekani, na mwanafunzi wake Albert Schatz walipopata streptomisini mu 1943, makampuni yote ya dawa yalijua kwamba udongo ni ghala. Streptomisini ilikuwa dawa ya kwanza iliyoponyesha kifua kikuu, na ilitoka kwa bakteria ya udongo, Streptomyces. Mnaifahamu ile harufu tamu mvua ya kwanza ikinyesha ku udongo mkavu? Jamaa ya Streptomyces njo wanaitengeneza. Kila mtu hapa amekwisha kuinusa.

Kampuni ya Sandoz, kule Basel, Uswisi, ilikuwa na desturi moja rahisi sana. Mfanyakazi akienda safari ama likizo, anapewa vifuko vya plastiki. Popote atakapofika, achote udongo kidogo, aandike ametoka wapi, alete. Basi. Mu 1969, mwanabiolojia wao mmoja, Hans Peter Frey, alikuwa likizoni Norwei. Kule ku uwanda wa juu unaoitwa Hardangervidda, baridi, upepo, hakuna miti, alichota udongo wake akaufunga.

Mu ule udongo mlikuwa na kuvu ambayo leo inaitwa Tolypocladium inflatum. Kwanza waliipima kama dawa ya kuua kuvu zingine. Ilikuwa zaifu: iliua aina chache tu. Ku kampuni nyingine wangeitupa pale pale. Lakini waliona kitu kimoja: haikuwa na sumu kali kwa panya. Na Sandoz kulikuwa na mpango, chini ya Hartmann Stähelin, wa kupitisha kila kitu kipya mu vipimo vingi tofauti, si kimoja tu. Mwanzo wa 1972 wakaipitisha ku kipimo cha kinga. Panya waliopewa ile dawa karibu hawakuunda tena askari wa kinga dhidi ya damu ya kondoo waliyodungwa. Lakini chembe zingine za mwili ziliendelea kugawanyika kawaida.

Mnaelewa uzito wake? Hii haikuwa moto wa kuchoma shamba. Ilikuwa dawa ya magugu inayochagua, inagusa gugu na kuacha mazao. Baadaye ilieleweka inafanya namna gani. Askari wakuu wa kukataa kiungo ni chembe zinazoitwa T. Moja ikiona mgeni, inapiga filimbi ya kemikali ili wenzake waongezeke na kushambulia. Siklosporini, njo jina walilolipa, inaingia ndani ya ile chembe na kuziba filimbi. Askari hafi. Anabaki pale, lakini hawezi kuita jeshi.

Jean-François Borel, Mbeljiji aliyefanya kazi ya kinga pale pale Sandoz, aliifuatilia dawa hii kwa miaka na kuitangaza mu 1976. Baadaye kulikuwa ubishi kati ya upande wake na upande wa Stähelin juu ya nani aliyeona kwanza. Mimi siingii mule. Wote wawili walifanya kazi, na wakubwa wa kampuni walisitasita, juu kuitengeneza kulikuwa bei kali na waliopandikizwa viungo wakati ule walikuwa wachache. Kuko tatizo lingine: haiyeyuki mu maji. Walipoiweka mu vidonge vya kawaida, haikuingia mu damu. Watafiti wenyewe wakaimeza, Borel akainywa ikiwa imeyeyushwa mu pombe, na damu yake ikaonyesha kwamba imeingia. Kule Cambridge, ku labo ya yule Roy Calne tuliyemwona na mbwa, Mgriki kijana Alkis Kostakis akaiyeyusha mu mafuta ya zeituni, mafuta ya jikoni ya kwao, akawapa panya waliopandikizwa mioyo. Mioyo ile ilipiga kwa muda ambao hawakuwahi kuuona.

Mu 1978 Calne akaanza kuwapa watu. Na hapa historia inatufundisha heshima, juu haikuwa ushindi wa mara moja. Kipimo kilikuwa kikubwa mno. Dawa iliyokuja kuokoa figo iliumiza figo zenyewe, na wagonjwa wengine wakapata kansa ya tezi. Ingeweza kuishia pale. Starzl njo aliyeonyesha, mu 1980, kwamba ukipunguza kipimo chake na kuongeza prednisone kidogo, mambo yanabadilika. Mu Novemba 1983 Marekani ikairuhusu rasmi.

Mbele yake, kwa figo toka kwa mtu aliyekufa, karibu nusu zilikuwa zinapotea mu mwaka wa kwanza. Nyuma yake, karibu 8 mu 10 zilikuwa zinavuka mwaka. Kwa ini, mbele walikuwa wanavuka karibu 3 mu 10. Ikawa karibu 7. Mahospitali yaliyoacha kupandikiza mioyo yakafungua tena vyumba.

Na nyongeza moja kwa watu wa antomolojia: kwa miaka mingi hakuna aliyejua ile kuvu inaishi namna gani porini. Mu miaka ya 1990, Kathie Hodge na wenzake kule Cornell walionyesha kwamba ni kuvu inayoshambulia mabuu ya mende wa udongoni, jamaa ya wale mabuu weupe tunaowakuta tukilima viazi. Waliijua kwa kufuata shina lililoota toka ku buu lililokufa.

WENGINE WALIFUATA NJIA ILE ILE

Mu 1984, kampuni ya Fujisawa kule Japani ilipata bakteria mu udongo wa eneo la Tsukuba. Wakaiita Streptomyces tsukubaensis. Dawa yake, takrolimusi, inaziba filimbi ile ile lakini kwa nguvu nyingi zaidi, kwa kipimo kidogo sana. Hata jina lake linaanza na T ya Tsukuba. Starzl, aliyekuwa amehamia Pittsburgh, aliitumia kwa watu toka 1989, na mu 1994 ikaruhusiwa Marekani. Leo njo dawa kubwa ya waliopandikizwa, mjomba wangu akiwa mmoja wao.

Rapamisini ina hadithi yake. Mu 1964 kundi la Wakanada lilienda Rapa Nui, kisiwa kidogo cha Chile katikati ya bahari ya Pasifiki, kuangalia afya ya wakaaji. Walirudi na udongo pia. Ku kampuni ya Ayerst, Montreal, Suren Sehgal na wenzake walikuta ndani yake bakteria nyingine ya jamaa ya Streptomyces. Dawa yake iliua kuvu, lakini ililaza kinga pia, na wakati ule hiyo ilionekana kuwa kasoro. Mu 1983 labo ya Montreal ikafungwa. Sehgal akaamriwa kuacha. Badala ya kuitupa, alibeba ile bakteria nyumbani, akaiweka mu friji ya barafu, pembeni ya chakula cha familia. Ikakaa mule miaka. Wakubwa wapya walipokuja, akaitoa. Mu 1999 ikaruhusiwa kwa waliopandikizwa figo.

Ya mwisho inanigusa zaidi, juu haikutoka mbali na chakula chetu. Mu miaka ya 1890 kule Italia, wakulima maskini waliokula karibu mahindi tu walikuwa wanapatwa na pelagra: ngozi inaharibika, tumbo linaharisha, akili inapotea. Daktari Bartolomeo Gosio alizania kosa ni la ukungu mu mahindi yaliyooza. Hapo hakuwa sahihi, pelagra ni upungufu wa vitamini. Lakini mu kutafuta, alitoa ku ule ukungu asidi moja iliyozuia bakteria ya kimeta kukua. Kwa muda mrefu dunia haikuipa nafasi kubwa.

Aliyeirudia ni Anthony Allison. Jina hili tulisikie vizuri. Alizaliwa Afrika Kusini, akakulia Kenya, na mu 1954 njo yeye aliyeonyesha, kwa kazi aliyoifanya Kenya, Uganda na Tanganyika, kwamba mtu mwenye jini moja la anemia SS analindwa kidogo na malaria. Kila mwanafunzi wa biolojia hapa amesoma ile kitu bila kujua jina lake. Miaka mingi nyuma, pamoja na mke wake Elsie Eugui, alitafuta dawa inayolaza chembe za kinga peke yake, akakumbuka asidi ya Gosio. Dawa waliyoitengeneza, mikofenolati, iliruhusiwa mu 1995. Mjomba anaimeza nayo, asubuhi na jioni.

SISI TUNABAKI NA NINI

Sitaki mtu atoke hapa akisema kila udongo una dawa. Hapana. Vifuko maelfu vilipimwa bila kutoa kitu. Na hizi dawa si asali. Kinga ikilala, kifua kikuu na maambukizi mengine yanapata njia. Takrolimusi inaweza kuleta diabete na kuumiza figo yenyewe. Njo maana damu inapimwa kila mara na kipimo kinabadilishwa na daktari peke yake. Mwenye mtu wake aliyepandikizwa kiungo, amkumbushe: usipunguze, usiruke, usimkopeshe mwenzako. Vidonge vikibaki vya wiki mbili, piga kelele mapema, familia yote ijue. Chembe za T hazisahau, na kukataa kunaanza bila maumivu.

Ya pili ni deni. Udongo wa Rapa Nui ulileta mali nyingi, na wakaaji wa kile kisiwa hawakuwa mu hesabu. Wakati ule hakukuwa sheria. Leo kuko mkataba wa Rio wa 1992 na itifaki ya Nagoya ya 2010, zinazosema anayechukua mali ya viumbe vya nchi aombe ruhusa na agawane faida. Sisi tunaozunguka na wageni wenye vifuko mu Kahuzi ama mu Itombwe tunapaswa kujua zile karatasi kabla ya kuwaonyesha njia.

Ya tatu ni juu yangu mwenyewe. Mu memwari yangu nilichota udongo Kabare, vifuko 40. Nilipima azote, fosfori na asidi, nikatetea, nikapewa alama zangu. Kesho yake nilivimwaga vyote nyuma ya nyumba ili nipate nafasi ya viatu. Sikuacha hata lebo moja. Hakuna aliyeniambia nivihifadhi, lakini hakuna pia aliyenikataza. Wale wa Basel walikuwa na kitu gani ambacho mimi sikuwa nacho ile siku? Kifuko, kalamu, na ubao wa kupanga vitu. Labo kubwa ilikuja nyuma. Kwa hiyo wadogo zangu mnaoandaa memwari mwaka huu: andikeni mahali, urefu wa mlima, tarehe, zao lililokuwa pale. Kausheni kidogo ya kila kifuko, muweke. Tuko association, tunaweza kutafuta kabati moja pamoja. Anayetaka kusaidia, aandike hapa chini.

Jumapili iliyopita nilirudi kwa mjomba na jibu lake. Nikamwambia: hiki kidonge kilitoka mu udongo wa Japani, na hiki kingine mu ukungu wa mahindi ya Waitalia. Alivishika mu mkono, akaviangalia muda. Mama mdogo alikuwa jikoni anasikiliza.

"Basi," mjomba akasema, "wakati bote walikuwa nakucheka eti umeenda kusomea matope."

Simu ikalia. Ilikuwa saa mbili. Akameza.